Semina ya Utatu Mtakatifu mjini Moshi: Jumamosi sita, Biblia mbili na mstari mmoja uliowekwa kando

Kwa muda wa Jumamosi sita mfululizo nilihudhuria semina ya mafundisho ya Utatu Mtakatifu na misingi yake katika Maandiko, iliyoandaliwa na usharika mmoja wa Kilutheri ulio karibu na katikati ya mji wa Moshi. Ada yake ilikuwa shilingi 20,000 kwa vipindi vyote, pamoja na kitini cha kurasa 52 na chai ya saa kumi. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wanaofikiria kujiandikisha katika awamu ijayo, nami ninasema mapema kwamba ninaipendekeza semina hii kwa moyo wote, ingawa ninayo malalamiko ambayo waandaaji hawana budi kuyashughulikia.

Nieleze kwanza kilichonipeleka huko. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari. Nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga, nikapata kipaimara, na tangu nipate akili nimezisikia Jumapili za karibu nusu ya mwaka wa kanisa zikihesabiwa kuwa ni za kwanza, za pili, za tatu "baada ya Utatu". Hata hivyo, jirani yangu wa Pasua, mama Mwislamu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akituletea futari nasi tukimpelekea pilau ya Krismasi, aliponiuliza kwa upole, "Mwalimu, ninyi mnasema Mungu ni mmoja au ni watatu?", nilimjibu kwa mfano wa maji, barafu na mvuke, mfano niliofundishwa nilipokuwa mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Basi Nabii Isa alipokuwa akiomba usiku, alikuwa akimwomba nani?" Sikuwa na jibu. Niliona aibu, si kwa sababu ya swali lake, bali kwa sababu nilitambua kwamba ninalikiri kila wiki jambo ambalo sijawahi kulisoma.

Mwalimu wa semina ni mchungaji mstaafu, mzee mwenye sauti ya chini na subira kubwa. Siku ya kwanza hakuanza kwa neno "Utatu". Aliandika ubaoni Kumbukumbu la Torati 6:4, "Sikiza, Ee Israeli, Bwana, Mungu wetu, Bwana ndiye mmoja", akasema kwamba lolote tutakalolisema kwa wiki sita litakaa chini ya mstari huo, na likishindwa kukaa hapo tutalifuta. Alitukumbusha pia kwamba neno lenyewe "Utatu" halimo katika Biblia. Mwandishi aliyelitia katika Kilatini cha kanisa ni Tertullian wa Karthago, huku huku Afrika, mwanzoni mwa karne ya tatu. Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa si kama neno hilo limo, bali ni kama Maandiko yanatulazimisha kusema kile ambacho neno hilo linakisema.

Kisha akatuomba sisi tutaje mistari tunayoitegemea, na mkono wa kwanza kunyooshwa ulitaja 1 Yohana 5:7. Hapo ndipo nilipoona thamani ya ada yangu. Tulikuwa tumeagizwa kuja na Biblia za tafsiri mbili za Kiswahili, ile ya Union na ile ya Habari Njema, nasi tukazifungua pamoja. Katika nakala yangu ya Union, maneno yanayosema kwamba wako watatu washuhudiao mbinguni, "Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni umoja", yamewekwa ndani ya mabano. Katika Habari Njema hayamo kabisa, na mashahidi watatu wanaotajwa ni Roho, maji na damu. Mwalimu alieleza kwamba maneno hayo hayapatikani katika nakala za kale za Kiyunani bali yalienea kwanza katika maandiko ya Kilatini, na kwamba Erasmus, msomi wa Kiholanzi, alipochapisha Agano Jipya la Kiyunani mwaka 1516, na tena mwaka 1519, hakuyaweka. Aliyaingiza katika toleo la tatu la mwaka 1522, baada ya kulaumiwa na kuonyeshwa nakala moja ya Kiyunani iliyokuwa nayo. Mzee mmoja aliyekaa mbele aliinuka akasema, "Mchungaji, mstari huu nimeufundisha Shule ya Jumapili miaka mingi. Leo unatunyang'anya?" Ukumbi ulinyamaza. Mwalimu alimjibu kwa heshima kwamba mababa wa kanisa wa karne ya nne, walioutetea uungu wa Mwana na wa Roho mpaka wengine wakafukuzwa katika miji yao, hawakuutumia mstari huo hata mara moja katika mabishano yao, na bado walishinda hoja kwa Maandiko. Basi sisi tukiuacha hatupungukiwi na chochote, bali tunaacha kumpa anayetupinga mahali pepesi pa kutushika.

Ninaamini kwamba huo ndio ujasiri unaoifanya semina hii iwe tofauti na mahubiri mengi niliyowahi kuyasikia juu ya jambo hili. Aliviondoa vile visivyobeba uzito kabla ya kujenga. Mwanzo 1:26, "Na tumfanye mtu kwa mfano wetu", alisema kwamba Mkristo anaweza kuisoma kwa furaha akiwa tayari anaamini, lakini hawezi kuifanya msingi, kwa kuwa wingi ule unaelezwa na wasomaji wengine kwa njia nyingine. Wale wageni watatu waliomtokea Ibrahimu penye mialoni ya Mamre, na wito wa "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu" katika Isaya 6, aliviweka katika kundi hilo hilo.

Mifano ya kawaida nayo ilipimwa mmoja mmoja katika kipindi cha pili, na ninashauri mtu asikikose kipindi hicho. Mfano wa maji, barafu na mvuke unamfanya Mungu awe mmoja anayebadilisha sura, mara Baba, mara Mwana, mara Roho. Hayo ndiyo mafundisho yanayohusishwa na jina la Sabellius, mwalimu wa karne ya tatu, ambayo kanisa liliyakataa mapema, nayo yanaangushwa na swali lile lile aliloniuliza jirani yangu. Mshiriki mmoja alitoa mfano wa mlima wetu wenyewe, kwamba Kibo, Mawenzi na Shira ni vilele vitatu vya Kilimanjaro moja. Siku hiyo mawingu yalikuwa yametawanyika, na sote tuligeuka kuutazama kupitia dirishani. Mwalimu alisema kwamba mfano huo unakosea upande wa pili, kwa sababu Kibo peke yake si mlima mzima bali ni sehemu yake, ilhali kanisa halisemi kwamba Mwana ni theluthi ya Mungu. Mafiga matatu yanayobeba chungu kimoja yaliondolewa kwa sababu kama hiyo: kila figa ni jiwe linalojitegemea, na ukilitoa moja yanabaki mawili. Binti mmoja wa kwaya aliuliza kwa masikitiko watoto wafundishwe kwa mfano gani basi, naye akajibiwa kwamba wasimuliwe ubatizo wa Yesu katika Luka 3:21-22, ambapo Mwana anaomba, Roho anashuka, na sauti ya Baba inasema, "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu". Tangu siku hiyo sijatumia mfano mwingine.

Kipindi cha tatu kilikuwa cha mistari inayobeba jengo lenyewe, na kwangu mimi, kwa kazi yangu, kilikuwa kitamu kuliko vyote. Katika Mathayo 28:19 tunaagizwa kubatiza "kwa jina la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu". Ni jina, si majina. Wanaotajwa ni watatu, na jina ni moja. Katika Yohana 10:30 Biblia ya Union inasema, "Mimi na Baba tu umoja", wala haisemi "tu mmoja". Nimeusoma mstari huo maisha yangu yote bila kuona tofauti hiyo. Mwalimu alieleza kwamba katika Kiyunani neno lililotumika halina maana ya mtu mmoja bali ya kitu kimoja, kwa hiyo Yesu hasemi kwamba yeye ndiye Baba, wala hasemi tu kwamba wanapatana. Na kwamba waliomsikia walielewa uzito wake, ndiyo maana mstari wa 33 unawaonyesha wakitaka kumpiga kwa mawe kwa kosa la "wewe uliye mwanadamu wajifanya mwenyewe u Mungu". Watafsiri wetu walilipata neno linalofaa kwa usahihi ambao wanafunzi wangu wangepaswa kuonyeshwa darasani.

Lakini mahali tulipokaa muda mrefu zaidi ni Yohana 1:1. "Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu." Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza anajua kwamba "neno" ni la ngeli ya LI-YA, na kwamba tungetarajia "nalo Neno lilikuwako". Watafsiri waliandika "naye" na "alikuwako", kwa upatanisho wa viumbe wenye uhai, na mstari wa pili wakaanza na "Huyo". Nilinyoosha mkono nikasema kwamba sarufi yetu yenyewe inakiri kuwa Neno ni nafsi. Mwalimu alifurahi, kisha akanionya. Alisema kwamba upatanisho huo ni uamuzi wa watafsiri, walioufanya kwa sababu walikuwa wameshausoma mstari wa 14, "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu". Kwa hiyo ninaweza kuutumia kuonyesha jinsi kanisa lilivyoielewa sura hiyo, lakini nisiutumie kama ushahidi mbele ya mtu anayeuliza Yohana mwenyewe aliandika nini. Hoja ya Yohana iko katika maneno yenyewe: Neno alikuwa kwa Mungu, basi anatofautishwa naye, na Neno alikuwa Mungu, basi hayuko upande wa vilivyoumbwa, kwa maana mstari wa tatu unasema vyote vilifanyika kwa huyo. Wako wanaotafsiri mwisho wa mstari wa kwanza kwa herufi ndogo, "mungu", na mwalimu aliwajibu bila kuwadharau kwa kuturudisha Kumbukumbu 6:4: mtu anayeamini kwamba Mungu ni mmoja hawezi kumweka mungu mwingine mdogo pembeni yake tangu mwanzo akabaki katika imani ya Israeli.

Neno "nafsi", ambalo Wakristo wa Kiswahili wanalitumia wanaposema "Mungu mmoja katika nafsi tatu", lilinigusa kwa namna nyingine. Darasani sisi hulitumia kwa mimi, wewe na yeye: nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mwalimu hakulisema hilo. Nililiona mwenyewe nilipokuwa nikisoma Yohana 14:16 jioni nyumbani, "Nami nitamwomba Baba, naye atawapa Msaidizi mwingine". Anayesema ni Mwana, anayeombwa ni Baba, na anayetolewa ni mwingine, wa kukaa nasi milele. Najua kwamba sarufi haiwezi kumweleza Mungu, na nimeshaonywa mara moja. Hata hivyo, kwa mtu aliyelelewa na mfano wa maji na barafu, kuona kwamba ndani ya Mungu mmoja yuko anayeweza kuambiwa "Wewe", na akapendwa kabla ya kuwekwa msingi wa ulimwengu kama Yohana 17:24 inavyosema, lilikuwa jambo lililonikosesha usingizi usiku ule.

Historia ilipewa kipindi cha nne, nacho kilitosha. Arius, aliyefundisha kwamba kulikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwako, alikuwa kasisi wa Aleksandria. Athanasius, aliyempinga na ambaye baadaye alihamishwa mara tano kutoka katika kiti chake cha uaskofu, alikuwa wa mji huo huo. Mkutano wa maaskofu wa Nikea, uliomkataa Arius, ulifanyika mwaka 325 kwa wito wa mfalme Konstantino, na ule wa Konstantinopoli mwaka 381. Nilipenda jinsi mwalimu alivyokanusha dhana kwamba mafundisho haya yalibuniwa na mfalme mezani: hoja nzito ya Athanasius ilikuwa kwamba Wakristo walikuwa tayari wanabatizwa kwa jina la Mwana na kumwabudu, na kama yeye ni kiumbe, basi kanisa lote linaabudu kiumbe. Yale maneno ya Imani ya Nikea, "aliyezaliwa bila kuumbwa", sasa ninayatamka polepole.

Sasa niseme yaliyonisikitisha. La kwanza ni kipindi cha sita, kilichokusudiwa kuwa cha Roho Mtakatifu. Ukumbi ulikuwa umeahidiwa pia kwa sherehe nyingine, na tulipofika tuliambiwa kwamba tunayo dakika arobaini tu badala ya saa mbili na nusu. Mwalimu alijitahidi. Alitupa Matendo 5:3-4, ambapo Anania anaambiwa kwamba amemwambia uongo Roho Mtakatifu, na mara moja anaambiwa kwamba hakumwambia uongo mwanadamu bali Mungu. Alitupa 1 Wakorintho 12:4-6, "Roho ni yeye yule", "Bwana ni yeye yule", "Mungu ni yeye yule". Alitugusia kwamba ni mkutano wa Konstantinopoli ulioongeza katika Imani ya Nikea maneno ya kumwabudu Roho pamoja na Baba na Mwana. Tofauti ya kanisa la Mashariki na la Magharibi juu ya kutoka kwake Roho, kwamba ni kwa Baba au ni kwa Baba na Mwana, ilitajwa kwa sentensi moja tukiwa tumeshasimama. Katika mji kama wetu, ambako kazi za Roho zinahubiriwa kila jioni kwa vipaza sauti, kumpa yeye mabaki ya muda si haki kwa washiriki, na ninasema hivyo kwa sababu ninalijali jambo hili.

La pili ni mistari migumu, ambayo ilikuwa ya kipindi cha tano. "Mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote" katika Wakolosai 1:15 ilielezwa vizuri mno: tulifungua Zaburi 89:27, ambapo Daudi, mdogo wa watoto wote wa Yese, anaahidiwa kufanywa mzaliwa wa kwanza, yaani kuwa juu ya wafalme wa dunia, tukaona kwamba neno hilo ni la cheo na urithi. "Baba ni mkuu kuliko mimi" ya Yohana 14:28 ilipata maelezo ya kutosha. Lakini Marko 13:32, ambapo siku ile na saa ile ya kuja kwa Mwana wa Adamu haijulikani na malaika "wala Mwana, ila Baba", ilipewa dakika kumi, baada ya mjadala juu ya maana ya "Mwana" kuchukua muda mrefu kupita kiasi. Mjadala huo wenyewe ulikuwa na faida yake, kwa maana ulitusaidia kuelewa kwamba jirani Mwislamu anaposema "hakuzaa wala hakuzaliwa", kama lengo lake ni uzazi wa kimwili wa mume na mke, hata kanisa linaukana, na kwamba Kiswahili chenyewe kinamwita mtu mwananchi bila kudai kwamba nchi ilimzaa. Hata hivyo, saa ilipaswa kutazamwa.

Kitini nacho kinahitaji mhariri. Kimeandika "Mathayo 29:19", sura isiyokuwepo, na katika ukurasa wa mwisho bado kuna mchoro wa yai na wa maji, mifano ile ile ambayo mwalimu aliikataa mbele yetu. Mtu atakayekisoma kitini bila kuhudhuria atarudi alikokuwa. Viti, chai na usafi wa ukumbi vilikuwa vizuri, na kipindi kilianza saa nane kamili kila Jumamosi isipokuwa ile ya mwisho.

Anayetaka kujiandikisha aje na Biblia zote mbili na daftari, wala asiogope kuuliza, kwa kuwa hakuna aliyedharauliwa kwa swali lake. Yule mzee wa Shule ya Jumapili alihudhuria mpaka siku ya mwisho, na Jumamosi ya tatu nilimwona akiandika maneno "jina, si majina" pembeni mwa Mathayo 28 kwa kalamu ya risasi.

Wiki mbili baada ya semina nilikaa kibarazani na jirani yangu, nikamsomea Luka 3 na Yohana 14, nikamweleza kwamba mfano wangu wa maji ulikuwa na kosa na kwamba swali lake lilikuwa la haki. Alisema kwamba yeye hakubaliani nami, lakini sasa anajua ni jambo gani hasa asilokubaliana nalo. Kisha akaichukua Biblia mwenyewe, akapekua, akaniuliza juu ya siku ile na saa ile. Nilimwambia kile nilichokipata katika zile dakika kumi, kwamba Wafilipi 2:7 inasema Mwana "alijifanya kuwa hana utukufu, akatwaa namna ya mtumwa", na kwamba kutojua kule kunasomwa na wengi kuwa ni sehemu ya unyenyekevu huo. Aliuliza la pili juu ya hapo, nami nikamwambia anisubiri. Nimeshaomba nafasi katika awamu ijayo kwa ajili ya Jumamosi ya tano, na waandaaji wamenikubalia nihudhurie siku hiyo moja bila kulipa tena.